Mto Chini ya Magoti

Dada yangu alilala chali kwenye kitanda cha mashine ya CT, akaangalia juu, akaniuliza, "Dari hii alipaka nani?"

"Sijui."

"Alikuwa na haraka zake. Ona kule pembeni, brashi imepita mara moja tu."

Huyo ndiye dada. Kazi yake ni kupaka rangi dari za watu, na hata mgongo ukiwa umetoka kudungwa sindano lazima akague kazi ya mwenzake. Mimi kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya watu, na kwa kuwa mwenzangu alikuwa likizo, siku ile iliniangukia kumpiga picha ndugu yangu wa tumbo moja.

Kila alipopanda ngazi na kuinua uso, miguu yake yote miwili iliwaka moto, kisha ikafa ganzi. Akishuka na kuinama kidogo, maumivu yanaisha. Kaka yetu mkubwa akahitimisha kwamba ni uvivu: maumivu gani haya yanayokuja kazini na kukoma mtu akikaa? Nilimjibu kwa maneno ambayo mama aliniomba nisiyarudie. Lakini picha za kwanza hazikuonyesha kitu, na MRI, ile mashine ya sumaku, haikumfaa kwa sababu ya kifaa kinachoongoza mapigo ya moyo wake. Daktari wa upasuaji alisema wazi: bila kuona palipobanwa, hashiki kisu. Na bila kisu, dada angeaga ngazi.

Kilichobaki ni kipimo hiki. Daktari wa picha, mama mmoja tunayemwita Bi Taratibu, alikuwa amemdunga kiunoni na kuingiza dawa inayong'aa kwenye picha. Ikichanganyika na maji yanayozunguka neva, mfereji wa uti wa mgongo hutoka mweupe, na neva huonekana ndani yake kama nyuzi nyeusi. Panapobanwa, weupe hukatika. Tulimgeuza ubavu huu na ule ili dawa ienee, kisha nikamwekea mto chini ya magoti, kama ninavyomwekea kila mgonjwa wa mgongo, nikaingia chumba cha vioo tunakoendeshea mashine.

Picha zikaja. Weupe mtupu, juu hadi chini. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani.

"Unaumwa sasa hivi?" nilimuuliza kwenye spika.

"Hapa? Hata kidogo. Mto wako mtamu, ningelala mpaka Jumapili."

Niligeuka, nikakuta Bi Taratibu naye ameshanigeukia. Mto ule ulikuwa umempinda kiuno kama mtu aliyekaa, na akikaa haumwi. Tulikuwa tumempiga picha akiwa mzima.

"Toa mto," alisema. "Mnyooshe miguu, weka taulo lililokunjwa chini ya kiuno. Tunarudia hapo kiunoni tu, kabla dawa haijapotea."

Nikarudi kwa dada. "Nataka ulale kama uko juu ya ngazi. Itauma."

"Mpaka lini?"

"Mpaka iume sawasawa. Halafu usitikisike."

"Wewe mtoto hujanipenda tangu ulipozaliwa," alisema, huku akinyoosha miguu.

Tulisubiri. Kwanza alitania, halafu vidole vya miguu vikaanza kucheza vyenyewe.

"Imekuja," alisema, meno yameumana. "Piga."

Hakutikisika hata kope. Mtu aliyezoea kushika brashi juu ya kichwa bila kudondosha tone anajua kutulia. Nilijivunia dada yangu.

Safari hii weupe ulishuka vizuri, ukafika kiunoni, ukakatika. Neva zilikuwa zimesongamana pale kama watu mlangoni. Chini yake weupe ulianza tena.

Bi Taratibu alimpigia simu daktari wa upasuaji, naye akaja, akatazama bila hata kukaa. "Hapa," alisema, akigusa skrini. "Tunapafungua wiki ijayo."

Nilimrudishia dada mto wake, nikamwinua kichwa, nikamsogezea skrini na kumwonyesha palipokatika. Alitazama kwa muda mrefu. Machozi yakaanza kumtoka.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Nilishaanza kumwamini kaka."

Nilimfuta uso kwa taulo lilelile. Kaka niachie mimi, nikamwambia.