Arobaini ya Feruzi

Siku ya tatu baada ya kuzikwa, Feruzi alirudi kwenye meza yake sokoni Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, saa kumi kasoro robo alasiri, akaanza kupanga upya vipande vya sabuni ambavyo kaka yake Sumaili alikuwa amevichanganya na betri. Kisogoni alikuwa na jeraha la jembe, na sanda yake ilikuwa na vumbi jekundu. Mama mmoja aliuliza bei ya sabuni, akatajiwa, akaguna, akaenda zake. Sumaili alisogea ampishe ndugu yake.

Hakuna aliyeshangaa. Watu wa kambi ile walikuwa wametoka Kindu na Burundi kwa miguu, wakaja kulazwa kwenye vyumba vya gereza la zamani. Maiti anayepanga sabuni angemkosesha nani usingizi? Feruzi mwenyewe hakuficha kitu. "Mukubwa yangu Sumaili njo aliniua," alimwambia kila aliyeuliza. "Tuligombana juu ya hii meza. Aliniponda na jembe ya Nyandwi, akaiosha, akamurudishia." Sumaili alisikia, akainama, akaendelea kufuta vumbi kwenye betri.

Lakini polisi walikuwa wamekwisha kumchukua Nyandwi. Jirani huyu, Mrundi wa milimani, alikosea jambo moja tu: alichimba kaburi bila kuitwa. Kwao mtu akifa jirani hangoji kuambiwa. Anabeba jembe lake na kwenda. Asubuhi ile alisikia Aicha, mke wa Feruzi, akipiga yowe, akaelewa. Waislamu walipokuja kutafuta wachimbaji walikuta shimo limefika kiunoni. Lilikuwa halijaelekea kibla, wakalinyoosha, wakamshukuru sana. Polisi walifika kesho yake, na wao hawakushukuru.

Kesi ilisikilizwa Lilongwe miezi minane baadaye. Thacienne, mke wa Nyandwi, aliamua kumpeleka Feruzi akaseme mwenyewe, maana shingo ya mumewe ilikuwa mikononi mwa watu wasiomjua. Karani wa kambi alimpa Thacienne ruhusa ya kutoka. Feruzi alinyimwa, kwa kuwa kadi yake ya chakula ilikuwa imefutwa na asiye na kadi hayumo kambini. "Kama simo, ananizuia vipi?" alisema Feruzi, akapanda nyuma ya matola, pikapu ya kubeba abiria, juu ya magunia ya mkaa, akamshikia Thacienne kikapu njia nzima.

Mahakamani, mwendesha mashtaka alimuuliza Nyandwi nani alimwambia achimbe. Melchior, mkalimani, akatafsiri.

"Hakuna," alisema Nyandwi.

"Sasa ulijuaje kuna wa kuzikwa?"

"Jirani yangu alikuwa analia. Ningengoja nini?"

Wazee wa baraza waliandika jambo hilo, wote kwa pamoja. Hapo wakili wa Nyandwi akaomba Feruzi asikilizwe. Jaji alivua miwani akamtazama vizuri. Alikuwa mtu mpole.

"Wewe ndiye marehemu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mi njo yeye."

Jaji alieleza kwa utaratibu kwamba cheti cha kifo kimekwisha pokelewa na pande zote mbili, na sheria haina nafasi ya shahidi aliyekufa. Kama anataka kudai yu hai, akamshtaki kwanza aliyeandika cheti. Akamwomba akae na wasikilizaji. Feruzi akashukuru kwa Kichewa, zikomo, akakaa. Siku hiyo hiyo Nyandwi akahukumiwa kunyongwa hadi afe. Thacienne alishika benchi kwa mikono miwili mpaka chumba kilipofagiliwa.

Nyandwi alipelekwa jela ya Zomba, wanakongoja waliohukumiwa kifo. Kwenda huko kulitaka ruhusa ambayo Thacienne hakuipata hata mara moja, kwa hiyo Feruzi ndiye aliyekwenda kila Alhamisi. Aliandika jina lake kwenye daftari la wageni kama watu wote. Alirudi na salamu: mtoto wao Bora asiache shule, paa lizibwe kabla ya mvua. Mnyongaji alisemekana atatoka nchi nyingine. Walimngoja mwaka, walimngoja wa pili. Mwaka wa 1997 ikaja amri kwamba Nyandwi hatanyongwa, atafungwa maisha. Majirani walikuja kumpongeza Thacienne. "Pongezi za nini jamani?" aliuliza.

Feruzi naye alikuwa amechoka. Aicha alikuwa bado na nguo za eda, kwa sababu shehe alikataa kumsomea arobaini mtu anayekunywa chai kwake kila jioni. Alhamisi moja Nyandwi alimwambia: "Nenda upumzike, jirani. Umesema kila mahali. Nimechoka kukuona unahangaika kwa ajili yangu."

"Na weye?"

"Mimi nitabaki."

Basi wakaisoma arobaini, baada ya karibu miaka mitatu. Thacienne alikuja alfajiri kusaidia kupika, bila kuitwa. Feruzi alikula wali, akanawa, akamshika Thacienne mkono. "Mama Bora, nisamehe. Nilisema yote nilikuwa nayo." Akaenda upande wa makaburi, polepole.

Kama ilivyo desturi, mkubwa wa ukoo alisimama mbele ya watu, na mkubwa wa ukoo alikuwa Sumaili. "Kama ndugu yangu alikosea mutu, tunaomba mumusamehe," alisema. "Tumemsamehe," waliitikia. Akauliza kama kuna mwenye neno lingine.

Thacienne alisimama, mikono imejaa majivu. "Mume wangu hakuua mtu," alisema. "Sumaili, wewe ndiye uliyemuua Feruzi."

"Tunajua, mama," alijibu shehe, na wengine wakatikisa vichwa kwa huzuni ya kweli. Aicha akamsogezea mkeka, wakamwambia akae, chai isipoe.