Soda Iko Ndani

Georgette alikuwa mwoga, wala hakuona haja ya kuficha. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na unyasi wake yeye ulikuwa vishindo vya miguu nyuma ya mgongo. Miaka minne iliyopita, kule Kivu ya Kusini, alikuwa akitoka shambani na mzigo wa mihogo kichwani, mumewe Néhémie akimfuata. Akasikia buti. Kisha hakusikia tena hatua za Néhémie. Alitupa mihogo akakimbia bila kugeuka.

Tangu afike Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, hakutoka nje ya ua wake. Maji alichotewa na majirani. Lakini Nathalie, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Mbarara, na siku za kujifungua mtoto wake wa kwanza zilikuwa zimekaribia. Alipiga simu akilia: "Mama, kama haukuje, nitazala niko peke yangu." Taksi za Mbarara, zile basi ndogo za abiria, ziko Base Camp, katikati ya makazi, na kufika huko ni kupita njia yenye watu. Pikipiki hakutaka hata kuisikia: ukipanda, mgongo wako unabaki wazi kwa dunia nzima.

Muuguzi wa kliniki akampa dawa isiyo kidonge: atembee kila siku, na kila siku aongeze kidogo. Siku ya kwanza alifika kwa Marthe, nyumba ya tatu, akarudi ameloa jasho. Juma la pili akafika kwenye bomba la maji. Alitembea upande upande, jicho moja mbele, jingine nyuma, na watu wa Misiera, ambao Mungu hakuwanyima midomo, wakamwita Mama Rétro, kwa jina la kile kioo ambacho dereva hutazamia nyuma. Alivumilia. Usingizi ulianza kumrudia, na asubuhi moja alijikuta akiimba wimbo wa kanisani njiani.

Jumatano simu ikalia: uchungu wa Nathalie umeanza. Georgette akajifunga kitenge, akatoka. Alipita bomba, akafika mahali asipowahi kufika, kwenye duka la Joanita, Mnyankole mwenye roho nzuri na sauti kubwa. Joanita alimwona mama wa watu anavyotetemeka, akamwonea huruma.

"Nyabo, kuja! Soda iko ndani! Soda ya baridi!"

Sasa, katika Kiswahili cha Georgette, soda hanywewi. Soda ni mwanajeshi, na wakiwa wengi ni basoda. Alichosikia ni kwamba mwenye bunduki yumo mle ndani. Alijitupa kwenye shamba la mahindi, akalala kifudifudi, meno yakigongana.

Joanita akamfuata na chupa mkononi. "Nyabo, pole! Hii soda ni ya kunywa tu!"

Georgette aliipokea chupa, akaitazama. Kicheko na machozi vikamtoka pamoja. "Kwetu hiyo ni sucré," alisema. "Soda ni ule wa bunduki."

Joanita hakucheka. Aligeuka kutazama duka lake. "Basi huyo pia iko," alisema taratibu. "Bwana yangu."

Na kweli, Twinomujuni alikuwa amesimama mlangoni na magwanda yake na buti zake. Joanita akamweleza mumewe mambo yalivyo, naye akasogea hatua moja, akasimama.

"Mama, usiogope. Mimi nakwenda Base Camp. Wewe tembea mbele, mimi nakuja nyuma yako. Hakuna mutu atakugusa."

Maskini, alidhani anamtendea wema. Georgette alitaka kurudi mbio nyumbani. Akamkumbuka Nathalie.

"Hapana nyuma, shefu," alisema. "Utangulie. Nikuone."

Mwanajeshi akatangulia. Georgette akamfuata kwa hatua kumi, macho kwenye visigino vya buti zile. Asikudanganye mtu kwamba hofu iliisha. Aliogopa njia nzima. Lakini alitembea akiwa amenyooka, chupa mkononi, na hakuna aliyemwita Rétro siku ile.

Base Camp taksi ilikuwa imejaa, karibu iondoke. Kilichobaki ni kiti cha mbele, kando ya dereva, na watu wote wengine nyuma yake. Georgette alisimama pale mlangoni akipumua kwa shida. Kisha akapanda, akatoa simu.

"Nathalie," alisema, bila kugeuka, "niko nakuja."