Picha Kumi na Moja Zisizo na Karatasi

Fundi alikuwa na mdomo, tuliseme mapema. Mtu akileta picha au sauti ya kuongeza kwenye mchezo wake wa kompyuta, alimhoji mpaka jasho limtoke: umeitengeneza mwenyewe? Una hakika? Daktari mmoja wa meno, mmoja wa waliojitolea, aliwahi kuleta mlio wa jiwe likianguka, ukafanana mno na ule wa mchezo wa zamani. Fundi alimfukuza mbele ya wenzake wote, bila hata kumuaga.

Mchezo wenyewe ulikuwa huria: yeyote aliruhusiwa kuuchukua, kuufungua aone ulivyoandikwa, kuubadilisha na kumgawia jirani, bure kabisa. Uliiga mchezo wa zamani wa mchimba mapango, ambao Fundi na dada yake waliucheza utotoni mpaka vidole vikaota sugu. Sheria yao ilikaa ukurasa wa mbele: namna ya kucheza tunaiga, picha na sauti tunatengeneza wenyewe. Watu kama arobaini wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kuonana, walijivunia sheria hiyo.

Picha zilijulikana kuwa za dada. Kazi yake ilikuwa kuchora vitabu vya shule kwenye kiwanda cha uchapaji, na kompyuta alikuwa hapatani nazo. Alichora kwa wino kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja nukta moja, kisha Fundi akaziingiza kwenye mashine na kuandika chini ya kila moja: imechorwa na dada. Mchezo mzima ulikuwa na picha mia mbili na kumi na mbili.

Kumi na moja kati ya hizo dada hakuzichora. Walipoanza, Fundi alipachika picha za mchezo wa zamani, za kushikia nafasi tu, kama mtu anavyoacha koti kwenye kiti. Kila mara dada alipomaliza moja, ya zamani ikatolewa. Siku ya kuutoa mchezo hadharani ikakaribia, dada kabanwa na vitabu vya muhula mpya, na vimebaki vitu vidogo vidogo: ufunguo, taa, ngazi. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia mjuaji yule? Akazibadilisha rangi zile za zamani zilizobaki, akaandika yaleyale: imechorwa na dada. Nitazitoa wiki ijayo, alijisemea. Ikapita miaka minne.

Jumatatu ikaja barua ya wanasheria wa wenye mchezo wa zamani. Walikuwa wamezipanga picha kumi na moja, zao kushoto, za mchezo huria kulia. Kwenye ngazi, mchoraji wao wa enzi hizo alikosea nukta moja, kipandio cha tatu kikachomoza pembeni kama kimeota kidole. Ngazi ya kulia nayo ilikuwa na kidole hichohicho. Sasa hapo utabisha nini? Walitaka picha zitolewe, na aliyezichora atajwe.

Kwenye ubao wa mazungumzo wa wale wa kujitolea, moto ukawaka.

"Msanii wetu katuuza," aliandika mwalimu wa hesabu aliyechora ramani za mapango. "Miaka yote hii tumetembea kifua mbele, kumbe tumebeba wizi!"

Wote wakamsubiri Fundi. Yule mwenye mdomo aliandika neno moja tu: "Tunachunguza." Lo! Mtu na akili zake anachunguza mfuko wake mwenyewe! Alijua ni uongo akiwa bado anaandika, na aliona haya peke yake chumbani, hakuna wa kumtazama.

Habari hazina miguu lakini hufika. Alhamisi mkuu wa kiwanda alimwambia dada akae nyumbani kwanza. Vitabu vya watoto, alisema, haviwezi kuchorwa na mtu anayesemwa kuwa mwizi. Likithibitika lile jambo, kazi ya miaka kumi na tisa imekwisha. Fundi aliyasikia hayo kwa mama yake, kwenye simu.

"Dada yako hali, hasemi," mama alisema. "Nenda, mwanangu. Wewe ndiye unayeyajua hayo mambo ya mashine. Mtetee."

Jumamosi asubuhi akaenda. Alimkuta dada amepiga magoti sebuleni, karatasi za miraba zimetandazwa mpaka chini ya meza.

"Karibu, mdogo wangu. Pita pembeni, usizikanyage." Macho yalikuwa yamemvimba. "Nimezihesabu mara tatu. Ziko mia mbili na moja. Zile kumi na moja sizioni karatasi zake."

Fundi alipita pembeni, akasimama ukutani.

"Nimewaza sana," dada akaendelea. "Ule mchezo tuliucheza mno. Labda mkono umeiga wenyewe, mimi sina habari. Mpaka kidole cha ngazi, jamani! Tangu juzi nikishika kalamu naiogopa." Akachukua karatasi mezani. "Nimewaandikia wanasheria. Nimesema ni mimi, wewe hukujua kitu. Ya nini tuzame wote wawili? Hebu isome, uniangalizie makosa."

Fundi akaanza kuisoma. Mwandiko ulikuwa safi, mistari imenyooka. *Mdogo wangu ni mtu mwaminifu*, ilianza. Hakufika mstari wa pili.

"Dada, si wewe," alisema. "Zile hukuzichora kabisa. Nilizichukua mimi kwenye mchezo wa zamani, nikaandika jina lako. Barua ilipokuja Jumatatu nilijua ni zile, nikanyamaza."

Alisubiri kofi. Alilitaka. Dada aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akafumba na kufumbua vidole.

"Kwa hiyo sikuiba?"

"Hukuiba."

"Una hakika? Hata ile ngazi?"

"Hata ngazi, dada. Ni mimi."

Akatoa simu na kuandika palepale, kwa wanasheria, kwa mkuu wa kiwanda na kwa wale arobaini: picha kumi na moja niliziiba mimi, dada yangu hakuzigusa. Akampa asome. Dada alisoma mara mbili, midomo ikichezacheza, kisha akaketi sakafuni katikati ya michoro yake, akalia kwa sauti.

"Asante, mdogo wangu," alisema, amemshika mkono kwa nguvu. "Asante kwa kuniambia. Nilishadhani nimeharibika."

Alimshukuru hivyo tena na tena, na Fundi hakuweza kuinua uso.