Suke la Kwanza

Kwa wiki ya pili mtama ulisimama umeiva katika mashamba ya Kirushya, na ndege waliula bila haraka. Kila nyumba ilikuwa imenoa visu, lakini hakuna aliyekata suke hata moja. Walikuwa wakimsubiri mwalimu Juvenali auonje kwanza.

Juvenali alifundisha hesabu katika shule ya Nyamiaga. Babu yake alikuwa mtware, chifu mdogo wa kilima cha Kirushya, na mtama mpya haukuliwa kabla hajauonja. Baba yake hakuwa chifu wa kitu chochote, lakini aliendelea kuonja kila mwaka, hadi alipofariki baada ya mavuno ya 1994. Sasa zamu ilimwangukia mtu asiyeitaka.

“Machifu walifutwa mwaka 1963, shangazi,” alimwambia Genoveva, aliyemfuata hadi nyumbani Jumamosi asubuhi. “Ni sheria.”

“Serikali ilimfuta babu yako kwenye mshahara. Mtama haikuutaja.”

“Na nikihamishiwa Lindi?”

“Tutakuletea suke kwa basi.”

Alikwenda, ili kulimaliza jambo hilo. Shambani alikuta watu wamekaa kwenye kingo. Pembeni, wamesimama, walikuwepo wakimbizi kutoka kambi iliyofunika kilima cha pili kwa maturubai. Mbele yao alisimama mama mmoja, Nyirabahizi, ameshika gunia tupu.

Juvenali alivunja suke, akalipukuchua kiganjani, akatafuna punje mbichi mbele ya wote.

“Haya. Nimekula. Kuna kilichobadilika? Mtama ni mtama. Mnalisha ndege kwa ujinga.”

Mzee Kazimili, jirani wa marehemu baba yake, alivua kofia. “Ameonja,” alisema, na visu vikaanza kazi.

“Sikuonja. Nilikuwa nawaonyesha.”

“Babu yako naye alitutukana siku kama hii,” Kazimili alimjibu, huku akikata. “Wewe umetuhurumia, umetuita wajinga tu.”

Nyirabahizi alimsogelea mzee, akaomba wakimbizi waruhusiwe kuokota masazo nyuma ya wavunaji. Msimu uliopita waliojaribu walifukuzwa kwa mawe. Kazimili alimwonyesha Juvenali kwa kidevu.

Visu vilisimama.

Juvenali alilijua jibu sahihi: suala la wakimbizi na mashamba lilikuwa la mtendaji wa kijiji, na mtendaji alikuwa Ngara mjini hadi Jumatatu. Hadi Jumatatu ndege wangekuwa wameokota kila kitu. Alijua pia kwamba akilitamka jibu hilo, mtu angeinama kutafuta jiwe. Hasira yake ilikuwa bado ileile. Ilikosa tu mahali pa kukaa.

“Wapite nyuma yenu,” alisema hatimaye. “Asiguswe mtu.”

Alisubiri mmoja wao amuulize ni kwa mamlaka gani. Jibu alikuwa nalo, la kukana kila kitu, na lilikuwa zuri. Nyirabahizi alifungua mdomo wa gunia, akainama. Wavunaji walisogea mbele kidogo, wakamwachia njia.