Macho ya Nyamweya

Memsahib mwenyewe ndiye aliyesema Orpah aje na mtoto wake. Hilo liwekwe wazi mapema, maana watu wa kijiji cha Nyacheki wana midomo, na hadi leo wapo wanaoapa kwamba mzungu alimtenganisha mama na mwanawe. Uongo mtupu. Mama yule alisimama jikoni kwake, gauni limeloa maji ya kumwogeshea mtoto, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Orpah, wewe lete Nyamweya. Chumba ni kubwa. Watoto mbili, vitanda mbili."

Orpah alikuwa yaya wa Robini, mtoto wa kwanza wa bwana shamba wa chai na mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Robini. Mwaka ule wa sabini na mbili walikuwa wanakwenda kupumzika mwezi mzima kwenye hoteli moja ya kisiwani, kusini ya Mombasa. Nyamweya alikuwa mwanawe Orpah, rika moja na Robini, bado ananyonya.

"Nitauliza nyumbani," Orpah akajibu, lakini moyoni alikuwa ameshaanza kukunja nguo za mtoto.

Wa kuulizwa nyumbani alikuwa mama mkwe wake, Bonareri. Josiah, mumewe Orpah, alikuwa mtu mpole, wa kuchuma chai yake na kwenda kanisani Sabato. Neno la boma lile lilikuwa la mamake. Na Bonareri alimpenda mtoto yule kupita kiasi, kwa kuwa alipewa jina la marehemu mzee wake. Alimwita mume wangu. Mume wangu ameamka? Mume wangu amepewa uji? Mtoto akilia, bibi husema bila hata kuinuka, "Hata zamani alikuwa hivyo hivyo, hana subira." Na nyumba nzima hucheka.

Siku hiyo aliposikia habari ya kisiwa aliweka chini ungo wake wa wimbi.

"Huko kuna watu wangapi?"

"Wengi, mama. Wazungu, Wahindi, watu wa pwani. Ni hoteli."

"Na wote watamwangalia."

Kwa watu wa boma lile maneno hayo yalitosha. Mtoto mchanga haangaliwi ovyo. Kuna watu wenye macho, na wengine wao hawajijui kwamba wanayo. Mtu wa aina hiyo akimkodolea mtoto, chochote kilichomshika ngozini, unywele, uzi wa blanketi, punje ya mchanga, huzama mwilini na kuanza kumla kwa ndani. Dawa yake ni kumpaka samli na kumsugua mpaka vitu vile vitoke. Mtoto mweupe ndiye hupatwa kwanza, na Nyamweya alikuwa mweupe hasa. Ndiyo maana Orpah alimbeba mgongoni amefunikwa leso hadi utosini. Ndiyo maana hata yeye, mama mzazi, hakumtazama machoni. Alimnyonyesha akiangalia mlango. Mtoto akimtafuta uso, aligeuka taratibu, kama mamake alivyofanya kwake, na nyanyake kwa mamake. Asije mtu akaita huo ubaridi. Ilikuwa adabu, na ilikuwa kumlinda.

"Mwili mzima mchanga wa bahari," Bonareri akasema, "halafu macho ya dunia nzima. Mwache na mimi."

Orpah angeweza kubisha. Josiah alimwambia kando, nyuma ya zizi, "Ukitaka kwenda naye, Mama Nyamweya, nitasema na mama." Ila ukweli ni kwamba yeye mwenyewe aliogopa. Aliwaza wageni wale wote wameinama juu ya mwanawe wakisema mzuri, mzuri. Kutokwenda kabisa hakukuwezekana. Kazi ile haikuwa ya kuchezea, na nguzo za nyumba yao ya mabati zilikuwa zimeshasimama. Akakata shauri. Mtoto atabaki.

Asubuhi ya kuondoka Nyamweya alikuwa mapajani mwa bibi yake. Akanyoosha mikono, akautafuta uso wa mamake. Orpah akageuka kama kawaida yake.

"Kaa vizuri na mke wako," alimwambia, akashika njia. Alijisifu kwamba hakulia.

Alilia kwenye garimoshi. Maziwa yalijaa mpaka kanga aliyojifunga kifuani ikalowa, na Robini, ambaye hakuwa ameonja ziwa la mtu tangu mamake alipokaukiwa maziwa, alikuwa akinusa na kuhangaika mikononi mwake usiku kucha mpaka Voi. Kule hotelini alikamulia maziwa kwenye beseni jeupe la chumba cha yaya, akafungulia maji yakayachukua. Jambo hilo lilimuuma kuliko maziwa yenyewe.

Kisiwa kilikuwa kizuri, hilo halikatai mtu. Vijumba vya makuti, mchanga mweupe, chakula kinachobaki mezani kila mlo. Orpah hakukiona sana. Aliona nepi, chupa, kofia ya Robini isitoke jua likamchoma. Kila asubuhi alimfuta mchanga mwili mzima, katikati ya vidole, nyuma ya masikio, kwa bidii iliyomshangaza Mama Robini. Wageni waliinama juu ya mtoto huyo kutwa, wakamkodolea, wakamchekea, naye akazidi kunenepa.

Nyumbani, bwana na mkewe walikuwa na shughuli zao, Orpah akimlea mtoto atakavyo. Hapa Mama Robini alishinda naye, na siku moja akauliza, si kwa ukali, "Orpah, wewe hapana penda Robini?"

"Nampenda, memsahib."

"Sasa kwa nini wewe hapana angalia yeye? Yeye natafuta wewe. Ona."

Orpah akatazama chini. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake, chali, na kweli alikuwa anamtafuta. Macho yake yalikuwa ya buluu, yana duara jeusi pembezoni na vidoadoa vya manjano karibu na katikati. Orpah hakuwahi kukaa ndani ya macho ya mtoto kiasi hicho. Robini akatulia. Akamtazama, akamtazama, kisha uso wote ukafunguka akacheka bila sauti, na Orpah akasikia kitu kimemshuka kutoka kooni hadi tumboni, raha tupu, raha iliyomtia haya. Akajifanya anamfuta mdomo.

Habari hiyo alimpelekea Bi Mwanakombo, mama mtu mzima aliyefua mashuka ya hoteli. Huyo alikuwa amemzoea Orpah kwa kumcheka Kiswahili chake cha bara, na siku nyingine alimpa vitumbua.

"Kwetu mtoto hatumwangalii machoni," Orpah akamwambia. "Tunaogopa."

"Hata sisi twaogopa jicho, mwanangu. Mbona twawapaka watoto wanja mpaka wakawa kama bundi?" Bi Mwanakombo akakamua shuka, akalitupia kambani. "Lakini hilo ni jicho la watu. Mamake mtu hana jicho. Wewe wako hujapata kumwangalia?"

"Namwangalia. Upande upande."

"Upande upande," yule mama akarudia, akatikisa kichwa. "Haya basi. Ukirudi, mkalishe hapo mbele yako umwangalie mpaka mchoke wote wawili. Hafi."

Tangu siku hiyo Orpah alikuwa na jambo moja tu. Atarudi, atafunga mlango ili mama mkwe asione, atamweka Nyamweya mapajani, chali, kama Robini, na atamwangalia. Alitaka kujua kama naye atacheka bila sauti au atapiga kelele. Yule wa kwake alikuwa na kelele. Alijizoeza kwa Robini. Kila jioni alikaa naye barazani wakatazamana, na kila alipoona raha aliiweka akiba: hii ni ya Nyamweya, na hii ni ya Nyamweya. Alimwonea huruma Robini kidogo, kwa kumtumia hivyo. Maziwa yalipokauka hakulia tena. Alihesabu tu kwamba safari imekaribia kwisha.

Walirudi mwezi wa chai nyingi. Bwana shamba alimshusha njiapanda na sanduku lake, na kikapu chenye madafu mawili ambayo Bi Mwanakombo alimfungia. Orpah alipanda kilima karibu akikimbia. Njiani alikutana na Bathsheba, jirani, anatoka kupeleka majani ya chai. Siku zote Bathsheba alikuwa wa kumwita mtu toka mbali na kumuuliza habari za ng'ombe hadi za kuku. Leo alikuja kimya, akampokea kikapu mkononi bila salamu, akatangulia mbele.

"Bathsheba. Kuna nini?"

"Twende nyumbani kwanza," Bathsheba akasema, wala hakugeuka.

Bonareri alikuwa ameketi chini nje ya nyumba yake, miguu ameinyoosha. Alikuwa amenyolewa nywele zote. Orpah alitazama kile kichwa kitupu, akatazama migomba iliyokuwa kando ya nyumba, udongo mwekundu uliofukuliwa na kurudishwa, padogo, si pa mtu mzima. Josiah akatoka ndani.

Orpah hakupiga yowe. Wanawake waliokuja walimngoja apige, maana ndivyo ifaavyo, na yeye akabaki amesimama na sanduku mkononi mpaka Josiah akamnyang'anya polepole. Hakuna aliyempelekea habari kisiwani. Josiah alikuwa amesema, mwacheni asafiri salama, msiba haukimbii.

Jioni, watu walipopungua, Bonareri akamsimulia. Hakujificha wala hakutafuta njia ya kutokea. Mtoto alipata joto, macho yakawa mekundu, akatoka vipele nyuma ya masikio, vikashuka mwili mzima.

"Nikasema ni macho," akasema. "Nikajiuliza, nani amemwangalia? Kuna mchuuzi alikuwa amepita hapa na masufuria, alikaa sana. Nikampaka samli nikamsugua. Nilisugua mpaka mikono ikafa ganzi. Kila kipele nilisema ni kitu kinatoka, anapona."

"Ilikuwa surua," Josiah akasema kutoka mlangoni. "Watoto wa huko chini wote walikuwa nayo. Nilitaka kumpeleka Kisii hospitali."

"Alitaka," Bonareri akakubali. "Mimi ndiye nilikataa. Nikamwambia hospitali imejaa watu, imejaa macho, watammaliza." Akaifuta mikono yake kwenye nguo. "Nimefiwa na mzee mara mbili, na mara hii nimemuua mimi."

Hapo Josiah alimtazama mkewe, na Bathsheba pia, ambaye alikuwa anachochea moto. Walikuwa wanangoja amtukane mama mkwe. Hata angemtukana, siku ile nani angemlaumu? Lakini Orpah alikuwa amesikia humo hofu yake mwenyewe. Kisiwa kimejaa watu, kimejaa macho. Kule hotelini kitanda cha pili kilikuwa chumbani mwake mwezi mzima, shuka limetandikwa. Yeye alikuwa akiweka nepi juu yake. Robini alitazamwa na dunia nzima, naye sasa hivi amelala kwao, ameshiba.

"Si wewe peke yako, mama," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mgonjwa.

Akasogea, akakaa chini kando ya Bonareri, bega kwa bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Orpah alimjua Nyamweya kwa uzito wake mgongoni. Alimjua kwa harufu ya shingo, kwa namna alivyouma ziwa akisinzia, kwa kilio chake kati ya vilio vya watoto mia. Vyote hivyo alikuwa navyo. Kimoja hakuwa nacho.

"Mama, nataka kukuuliza kitu. Macho yake yalikuwaje?"

Bonareri akafikiri. Alifikiri sana, paji la uso likakunjana, mpaka Orpah akaanza kuogopa jibu.

"Yalikuwa meusi," akasema. "Ya watoto wote." Kisha akaweka mkono kwenye kile kichwa kilichonyolewa. "Sijui, mwanangu. Sikumwangalia. Ile siku ya mwisho alinitafuta uso, akanitafuta, hakulia hata, alinitafuta tu. Nikageuka. Niliona amezidiwa, nikasema nisije nikamwongezea na macho yangu."

Josiah aliulizwa pia, baadaye, gizani. Akasema mwanamume hashindi na mtoto mchanga, akaanza kulia.

Usiku Orpah alilala kitandani upande wa ukuta, pale alipokuwa akimlaza. Leso ya kumbebea ilikuwa bado na harufu ya samli. Akajifunika nayo uso, akafumba macho amtafute mwanawe, amwangalie sasa, hapa hapana mtu wa kumdhuru. Alingoja. Akaja Robini, wa buluu, vidoadoa vya manjano, akamtazama vizuri akacheka.