Pampu Isizimwe

Saa yenyewe ukiiona hutasema ni saa. Haina uso wala mishale. Ni bomba refu la shaba lililolala juu ya meza ya chuma, nyaya zimelizonga, na chini yake pampu inanguruma kutwa kucha. Kazi ya pampu ni moja tu, kunyonya hewa. Ndani ya bomba mna tanuri dogo lenye sesiamu, madini laini yanayoyeyuka hata kwa joto la kiganja, na sesiamu na hewa hazipikiki chungu kimoja. Hewa ikiingia, saa imekufa, na kufa kwenyewe ni kule kusikofufuliwa.

Numa Perrenoud aliijua tangu ingali michoro. Yeye na mkewe Edmée waliiunda na wenzao kwenye kituo cha kutazamia nyota juu ya mji wa Neuchâtel, zama zile mafundi wa milimani walipokuwa bado wanaleta saa zao pale kushindania tuzo. Loo, iliwashinda wote! Ikawa ndiyo inayotoa ule mlio wa redio ambao watu walirekebishia saa zao majumbani. Halafu zikaja mpya, ndogo kama sanduku la viatu, nayo ikasukumwa pembeni. Bomba likaanza kuvuja, na tundu halikuonekana. Pampu tu ndiyo iliyokuwa inapambana na hewa. Wenzao wakafa mmoja mmoja. Wakabaki mume na mke, wanailea kwa zamu kama mtoto mgonjwa. Edmée alipokuwa anakata roho hakutaja nyumba wala kaburi. Alisema, "Numa, pampu isizimwe," basi.

Sasa kituo kinafungwa, na Numa, mzee wa themanini na kitu, goti bovu, anahamia nyumba ya wazee. Makumbusho ya mji yakaiomba saa. Alikubali kwa sharti moja, akamwambia mkurugenzi, Bi Huguenin, uso kwa uso.

"Umeme usikatike."

"Mzee wangu! Umeme ukatike katika nchi hii? Kwani tunaishi wapi?"

"Nataka nisikie kwa kinywa chako."

"Haukatiki, nakuapia. Haya, umeridhika?"

Akaridhika. Wakaihamisha kwa lori, betri zikilisha pampu, Numa ameketi sakafuni kando yake, mkono juu ya bomba.

"Babu," dereva alimpigia kelele, "nimeshabeba wajawazito, hakuna aliyenisumbua hivi!"

"Endesha, mwanangu. Na kona hiyo polepole, tafadhali."

Alasiri hiyohiyo ikafanyika sherehe: divai nyeupe, soseji, hotuba zisizo na mwisho. Numa alisifiwa mpaka akaona haya. Goti lilipomzidi aliaga mapema, akapitia ukumbini kuisikiliza pampu. Ilikuwa inanguruma vizuri. Usiku ule alilala fofofo, mara ya kwanza tangu amzike mkewe.

Asubuhi alirudi na mkate mtamu wa zabibu kavu, amletee mlinzi wa makumbusho, Mama Jeanneret, kumshukuru kwa kuipokea saa yake. Aliingia ukumbini, akatega sikio kuisikiliza pampu. Palikuwa kimya.

"Nani kaizima?"

"Kuzima nini, mzee? Umeme?" Mama Jeanneret alikuja akitabasamu, funguo zinalia kiunoni. "Ni mimi! Kila siku saa kumi na moja kamili nashusha swichi kubwa, kumbi zote. Jana wageni walikuwa bado wanamung'unya soseji, nikawaambia tokeni jamani, gizani hakuliwi! Nimeuwasha sasa hivi. Sijachelewa hata siku moja, muulize umtakaye."

Akamwinulia mkono amwonyeshe saa yake kuukuu. "Ya marehemu baba. Alinifundisha kuirekebisha kwa mlio wa redio, ule wenu wa kule juu. Kwa hiyo nusu ya sifa ni yako, mzee!" Akacheka.

Utamlaumu nani? Bi Huguenin aliapa kwa umeme wa nchi, swichi ya nyumba yake mwenyewe hakuikumbuka. Numa naye hakuuliza. Huku saa ya kufunga ni saa ya kufunga, haitangazwi kama vile machweo hayatangazwi. Ewe Numa! Umeshinda maisha yako yote ukifundisha watu kushika saa, nao wameishika.

Aliweka kiganja juu ya tanuri, pale ambapo siku zote palikuwa na uvuguvugu. Palikuwa baridi, kama paji la uso la Edmée asubuhi ile. Akabonyeza kitufe cha pampu, maana haijiwashi yenyewe umeme ukirudi, nayo ikanguruma kama kawaida. Kwenye kipimo, sindano ya sesiamu, iliyopaswa kupanda, ililala kwenye sifuri, haikutikisika. Alingoja. Aligonga kioo kwa ukucha. Akangoja tena.

"Hiyo! Imeamka!" Mama Jeanneret alipiga makofi. Kisha akamtazama usoni, cheko likampungua. "Au nimekosea, mzee? Jioni niiache inawaka?"

Numa alitazama ile saa kuukuu mkononi mwa Mama Jeanneret, iliyokuwa inakwenda sawasawa.

"Hujakosea, mama," akasema, akampa mkate. "Zima tu. Saa kumi na moja kamili."