Ushahidi wa Muuza Nyama

Serikali ilikuwa na utaratibu wake. Ukipofuka kabla ya kutimiza miaka sitini, wewe ni mlemavu: utapewa posho na mtu wa kukushika mkono. Ukipofuka baada ya hapo, wewe ni mzee tu, na uzee hauna fungu. Kinyozi, ambaye wateja walimwita Mkono Mwepesi, alikuwa na miaka sitini na miwili, na macho yake yalizimika akiwa na hamsini na saba. Kilichobaki ni kulithibitisha hilo.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, naye alikuwa ameficha kwelikweli. Alinyoa kwa vidole. Kila kifaa kilikuwa na mahali pake, na ole wake atakayekisogeza! Alimjua mteja kwa nyayo, akamtania kabla hajaketi: "Karibu bwana, leo umekuja na sura ileile?" Aliyejua siri hiyo ni binti yake peke yake, na ushahidi wa mtoto kwa mzazi wake haukupokelewa.

"Baba, nenda ofisini na muuza nyama akutolee ushahidi," binti alimshauri. "Unamnyoa miaka nenda miaka rudi. Lakini mwambie ukweli kwanza."

Kinyozi akaona haya. Akamwambia muuza nyama, "Kuna maswali kuhusu kazi yangu huko ofisini. Njoo useme unavyonijua."

Muuza nyama akaja na koti, kifua mbele. Afisa, mama wa makamo, akamuuliza kama miaka mitano iliyopita kinyozi alikuwa haoni.

"Haoni? Nani kasema? Mama, huyu ananinyoa ndevu kwa wembe, hapa kooni, na sijatoka hata tone la damu! Wenye wivu hawakosekani, msiwasikilize!"

"Mjomba," binti akanong'ona, akimvuta koti, "baba haoni."

"Acha utani, mwanangu."

Mungu amsamehe, kwanza kinyozi alifurahi. Sifa ile ilimwingia tamu. Uchungu ukafuata.

"Ni kweli, ndugu yangu," akasema. "Miaka mitano sijaiona sura yako."

Afisa akasema pole, na ilimtoka moyoni, lakini shahidi alikwisha sema, na kauli ya kwanza ndiyo iliyochukuliwa. Ombi likakataliwa.

Jumamosi muuza nyama alifika kunyolewa kama kawaida. Kinyozi alimjua kwa nyayo, ingawa zilisita mlangoni. Akamfunga kitambaa, akachukua wembe mahali pake, akagusa koo. Alilisikia likipanda na kushuka chini ya kidole chake.

"Kaka," muuza nyama akasema, "leo nipunguzie nywele tu, kwa mashine. Ndevu nitazinyoa mwenyewe nyumbani."

"Haya," kinyozi akajibu, akaurudisha wembe mahali pake.